Mtoto akipenda magari ya mbio, tumpeleke chuo gani?

Juma hili ukurasa wa masomo unajibu ulizo la mama mmoja wa chama chetu. Binti yake yuko mwaka wa nne, seksheni ya Sayansi. Hesabu anaiweza, fizikia anaipenda, na siku ya mbio za magari hakuna wa kumtoa mbele ya televisheni. Sasa ametangaza nyumbani kwamba akipata diploma ya Serikali atasomea uinjinia wa magari ya mbio. Shangazi zake wamecheka. Baba mkubwa amesema kazi ya garaji si ya mwanamke. Mama anauliza: hayo ni masomo ya kweli ama ni ndoto ya televisheni? Na kabla ya kugusa likelemba ama kuuza parseli, mzazi ajue nini?

Mimi ni mwalimu, si injinia. Lakini kazi ya mwalimu ni pamoja na kumwonyesha mtoto njia inakopitia, na mahali ilipo na mashimo. Tuitazame pamoja.

Ni masomo ya kweli

Ndiyo, yapo. Nchi inayojulikana zaidi kwa masomo hayo ni Uingereza. Oxford Brookes, Coventry na Hertfordshire ni vyuo vikuu vinavyotoa digrii ya uinjinia wa magari ya mbio. Chuo cha Cranfield kinatoa digrii ya uzamili katika fani hiyo, mwaka mmoja tu, kwa mtu aliyekwisha kupata digrii ya kwanza.

Kwa nini Uingereza? Kwa sababu kazi yenyewe iko pale. Timu nyingi za Formula 1 zina karakana zao katika mkoa mmoja mdogo wa kati na kusini mwa Uingereza: Mercedes iko Brackley, Red Bull iko Milton Keynes, Williams iko Grove, Aston Martin iko Silverstone, McLaren iko Woking. Ferrari iko Maranello, Italia. Kuzunguka timu hizo kuna makampuni madogo mengi yanayotengeneza breki, gia, nyaya na vyuma vya kipekee. Mwanafunzi wa Oxford Brookes anasoma karibu na watu ambao kesho wanaweza kumpa staji, na huo ni msaada mkubwa.

Injinia si fundi wa garaji, ingawa wote wawili wanaheshimika na wanahitajiana. Fundi anatengeneza kilichoharibika. Injinia anapiga hesabu kabla kitu hakijaundwa: chuma hiki kitabeba uzito gani, upepo utapita wapi, injini itapata joto kiasi gani, tairi litadumu mizunguko mingapi. Mbio zikianza, anasoma habari zinazotumwa na mamia ya sensa zilizofungwa ndani ya gari, na anamwambia dereva la kufanya.

Wanasoma nini miaka mitatu ama minne?

Digrii ya kwanza huchukua miaka mitatu Uingereza, ama minne kwa anayetaka kufika moja kwa moja kiwango cha uzamili. Wengi wanaongeza mwaka mmoja katikati wa kufanya staji ndani ya kampuni.

Mzazi anayefikiri mtoto ataanza kwa kuendesha gari, asikie vizuri: mwaka wa kwanza ni hesabu, fizikia ya mwendo, elimu ya joto, elimu ya vyuma, umeme, na kuchora mashine kwa kompyuta. Kuna na kuandika programu za kompyuta, maana siku hizi gari la mbio linajaribiwa kwanza ndani ya kompyuta kabla ya kugusa barabara. Baadaye ndipo yanakuja masomo ya pekee: mwendo wa gari katika kona, nguvu ya upepo, injini na betri, na vitambaa vya kaboni vinavyookwa mpaka vinakuwa vigumu kuliko chuma huku vikibaki vyepesi.

Niwape mfano mdogo ninaoutumia darasani. Taksi-bisi ikifunga breki ghafula, abiria wote wanaegemea mbele. Hata uzito wa bisi unahamia mbele: magurudumu ya mbele yanabanwa zaidi, ya nyuma yanakuwa mepesi. Kila mama aliyebeba ndoo ya mafuta magotini analijua jambo hilo. Injinia wa mbio anahesabu ni kilo ngapi zimehama, kwa muda gani, na breki za nyuma zipunguzwe kiasi gani ili gari lisiteleze. Ni fizikia ile ile ya mwaka wa nne, imesogezwa mbele tu. Ndiyo maana ninasema: mtoto asiyetaka hesabu, hata akipenda magari namna gani, njia hii si yake.

Gari la wanafunzi

Katika masomo hayo kuna jambo moja linalowafundisha vijana kuliko vitabu. Linaitwa Formula Student. Lilianza Uingereza mwaka 1998, likifuata mfano wa mashindano ya Marekani yaliyoanza miaka ya 1980. Kila mwaka wanafunzi wa chuo wanaunda gari dogo la mbio la kiti kimoja, wanalileta Silverstone, na wanashindana na vyuo vingine vya dunia. Hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cairo, hapa Afrika, wamekwisha kulipeleka gari lao.

Usifikiri anayekwenda mbio ndiye anayeshinda. Alama zote ni 1,000. Waamuzi wanakagua kwanza usalama: gari linalazwa ubavu kwa digrii 60 ili waone kama mafuta yanavuja. Kisha wanafunzi wanajibu maulizo: kwa nini mlichagua chuma hiki? Kila kipande kiligharimu pesa ngapi? Kama mngetaka kuuza magari haya, mtamshawishi vipi mwenye mtaji? Alama 325 zinatoka katika maelezo hayo, kabla ya gurudumu kuzunguka. Halafu gari linakimbia mita 75 zilizonyooka, linazunguka duara mbili kama namba 8, na mwisho linafanya safari ndefu ya kilomita 22 hivi. Hapo ndipo machozi hutoka, maana magari mengi hayamalizi. Nati moja iliyolegea inaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Ndiyo maana timu za kweli, zikitaka kuajiri kijana, humuuliza: Ulifanya nini katika Formula Student? Kipande gani kilikuwa chako? Kilipovunjika, ulifanyaje? Diploma peke yake haitoshi. Wanatafuta mtu aliyekwisha kukesha na wenzake, akaheshimu tarehe, akatunza pesa za kundi, akakubali kusahihishwa. Mama anayeendesha kikundi cha likelemba anajua kwamba tabia hizo ni kazi, na hazizaliwi siku moja.

Wanawake wako ndani

Kwa baba mkubwa aliyesema si kazi ya mwanamke, tunaleta majina.

Leena Gade ni Mwingereza ambaye wazazi wake ni wa asili ya India. Alisomea uinjinia wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Manchester. Alifanya kazi ya kawaida katika kampuni ya magari, na mwisho wa juma alikuwa anajitolea katika timu ndogo za mbio ili ajifunze. Mwaka 2011 alikuwa injinia mkuu wa gari moja la Audi katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Audi ilileta magari matatu. Mawili yalipata ajali mbaya na yakatoka, ingawa madereva waliokoka. Likabaki la Gade peke yake mbele ya magari ya Peugeot, usiku kucha na asubuhi yote. Baada ya saa 24 lilishinda kwa tofauti ya sekunde 14 kasoro. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Le Mans akiwa injinia wa gari, na akashinda tena mwaka 2012 na 2014.

Hannah Schmitz alisoma uinjinia wa mashine Cambridge. Aliingia Red Bull mwaka 2009 kama mwanafunzi wa staji. Leo ni mkuu wa mipango ya mbio wa timu hiyo: ni yeye anayepima dereva aingie lini kubadilisha tairi, hesabu inayoweza kuleta ama kupoteza ushindi. Na mwaka 2025 Mjerumani Laura Müller, wa timu ya Haas, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kazi ya kudumu ya injinia wa gari la dereva katika Formula 1.

Mtaona jambo moja: Gade alisomea vyombo vya anga, Schmitz alisomea mashine kwa ujumla. Adrian Newey, mchoraji wa magari aliyeshinda mataji mengi, naye alisomea anga katika chuo cha Southampton. Kwa hiyo, digrii yenye jina la mbio ni mlango mmoja, si mlango pekee. Hilo litatusaidia tukifika kwenye pesa.

Ugumu usifichwe

Mwalimu anayemsifia mtoto ndoto yake bila kumwambia bei anamdanganya mzazi.

Ugumu wa kwanza ni nafasi. Timu za Formula 1 hazifiki hata 15, na kila staji inagombaniwa na vijana wa dunia nzima. Ziko mbio nyingine, za rali, za magari ya umeme, za saa 24, lakini hata huko mlango ni mwembamba.

Wa pili ni pesa. Mwanafunzi anayetoka nje ya Uingereza hulipa minervali inayopita pauni 15,000 kwa mwaka katika vyuo vingi. Kabla ya kupata viza, anaonyesha pia kwamba ana pesa za kuishi, zaidi ya pauni 1,000 kwa kila mwezi. Zidisha kwa miaka mitatu uone. Parseli moja ya Lubumbashi haitoshi, na kuiuza kwa ajili ya mwaka wa kwanza tu ni kumwacha mtoto katikati ya mto.

Wa tatu ni lugha na diploma. Mtoto wetu amesoma kwa Kifaransa. Atafanya mtihani wa Kiingereza, na mara nyingi chuo cha Uingereza kitamwomba mwaka mzima wa maandalizi kabla ya digrii, nao unalipiwa.

Wa nne ni kwamba sisi watu weusi ni wachache mule ndani. Mwaka 2021 dereva Lewis Hamilton na Royal Academy of Engineering ya Uingereza walitoa ripoti juu ya jambo hilo: katika Formula 1 mfanyakazi mweusi ni karibu mmoja kati ya mia. Ripoti ilitazama shule pia: mtoto mweusi huwekwa mapema katika madarasa ya chini ya hesabu, na kuna walimu wasiotegemea makubwa kutoka kwake. Sisi walimu wa Kongo tusiseme hilo ni la Wazungu tu. Tunapomwambia msichana kwamba fizikia ni ya wavulana, tunafanya jambo lile lile.

Na wa tano ni maisha ya kazi yenyewe. Mwaka 2024 Formula 1 ilikuwa na mbio 24, kuanzia Bahrain mpaka Abu Dhabi. Injinia anayesafiri na timu analala hotelini majuma mengi. Mwenye watoto atahitaji mume na jamaa wanaoelewa. Lakini wengi zaidi wanabaki karakanani, na wanarudi nyumbani jioni kama wafanyakazi wengine.

Njia tatu kwa mtoto wa Kongo

Njia ya kwanza ni kwenda Uingereza moja kwa moja baada ya Exetat. Ni ya jamaa yenye pesa nyingi ama mtoto aliyepata msaada kamili wa masomo. Formula 1 yenyewe ilianza mwaka 2021 kuwalipia masomo wanafunzi wachache wa makundi yasiyoonekana sana katika mbio, katika vyuo vya Uingereza na Italia. Nafasi ni chache na kila chuo kina masharti yake. Mtoto asome masharti mwenyewe kabla ya kutumaini.

Njia ya pili ni Ufaransa, ambako lugha haimsumbui. Huko Nevers kuna ISAT, shule ya umma ya mainjinia wa magari iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Bourgogne Europe, karibu na uwanja wa mbio wa Magny-Cours. Karibu na Paris kuna ESTACA, yenye masomo ya magari na ya ndege, lakini hiyo ni ya binafsi na bei yake iko juu. Kwa shule ya umma, gharama ni nyepesi sana ukilinganisha na Uingereza. Maombi hupitia Campus France, na alama za darasani zinahesabiwa pamoja na za Exetat.

Njia ya tatu ndiyo ninayowashauri wazazi wengi. Mtoto asome kwanza hapa: uinjinia wa mashine na umeme katika Fakilte ya Politekniki ya UNILU, ama katika taasisi nyingine ya ufundi inayoheshimika. Akimaliza, atafute kazi. Huku kwetu, Kolwezi na Likasi, migodi ina kamio kubwa kama nyumba. Nazo zina sensa, zina tairi za bei kali, zina injini zinazochemka. Anayejifunza kusoma habari za kamio hiyo na kujua kabla haijaharibika, anafanya kazi ya jamaa moja na ile ya gari la mbio. Wakati huo huo anajifunza Kiingereza.

Baada ya miaka miwili ya kazi, anaweza kuomba msaada wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza kwa digrii ya uzamili ya mwaka mmoja, na Wakongo wanaruhusiwa kuomba. Digrii ya Cranfield ni ya mwaka mmoja hivyo. Aliyepewa msaada huo anaahidi kurudi nchini kwake kwa miaka miwili walau. Wengine wanaona hilo ni kizuizi. Mimi naona ni faida kwetu. Mbio za magari leo zinaenda upande wa umeme. Mashindano ya Formula E, ya magari ya umeme matupu, yalianza mwaka 2014. Betri nyingi za magari ya umeme zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Tunatoa udongo, wengine wanatoa ujuzi. Kijana anayerudi na elimu ya betri na ya magari mepesi ana kazi ya kufanya hapa, hata asipopata kugusa gari la Formula 1 maisha yake yote.

Tena, tahadhari kwa wazazi: kuomba Chevening hakulipiwi. Mtu akikuambia umpe dola ili akupitishie jina, ama akuahidi viza ya uhakika, huyo ni mwizi. Barua za chuo zinatoka chuoni, hazitoki mfukoni mwa mtu wa mtaani.

Tuanze wapi?

Kwa mtoto aliye sekondari leo, ninaomba wazazi mambo manne. Mwacheni katika seksheni ya Sayansi ama ya ufundi wa mekaniki na umeme, wala msimhamishe kwenda ile inayosemekana ni rahisi kwa wasichana. Mpeni saa moja ya hesabu kila jioni, kazi za nyumbani zigawanywe na kaka zake. Wakati wa likizo, mtafutieni garaji ya mtu mwaminifu mnayemfahamu, aende mchana tu, ashike spana, ajue piesi kwa majina yake; kama ni msichana, aende na mwenzake, na mama apite kumwona. Na Kiingereza kianze sasa, kisingoje diploma.

Halafu muulizeni mara kwa mara, si kwa kumjaribu bali kwa kutaka kujua: leo umehesabu nini? Mtoto anayependa sauti ya injini tu atachoka baada ya miezi michache, na hakuna kilichopotea, maana hesabu itamfaa popote. Yule anayetaka kujua kwa nini gari halikuanguka kwenye kona, huyo ana moyo wa injinia. Awe wa kiume ama wa kike, tusimcheke. Tukae naye mezani, tupige hesabu ya pesa na ya miaka, naye akiwa ameshika kalamu.